Ile boksi si CPU wadau, mimi nililipa 8,500 ndio nikajua

Saiba_Kondele:
Wadau habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha tangu mwaka jana ju nilikuwa naona aibu, lakini leo kijana ameingia hapa kwa saiba akaniuliza "mzee, CPU inauzwa pesa ngapi", nikamuuliza gani, akanyoosha kidole kwa ile boksi nzima iliyo chini ya meza. Nikacheka halafu nikanyamaza, ju hilo jina ndio lilinikula pesa.

Ilikuwa hivi. Niko na mashine sita hapa Kondele, zote mitumba kutoka Uingereza. Mwezi wa nne, si mnajua mvua ya Kisumu, radi inapiga kuanzia saa tisa, stima ikapotea, ikarudi, ikapotea, ikarudi tena na nguvu hadi balbu ikawaka nyeupe hivi. Mashine namba nne ikazima na haikuwaka tena. Unabonyeza kitufe, kimya. Hakuna feni, hakuna taa. Nikaita fundi mmoja (simtaji na msiniulize), akaja, akabonyeza mara mbili, hakufungua hata skrubu moja, akasema "CPU imeenda."

Sasa kwa akili yangu CPU ni boksi. Kwa hivyo nikaelewa boksi yote imekufa. Akasema leta 8,500 nikuletee ingine, na hii nitabeba nikutupie. Nikamshukuru hata! Nikamnunulia soda.

Wiki tatu baadaye nimepita duka moja mjini naulizia kibodi, naona boksi kwa rafu, na ubavuni iko na stika yangu ile niliandika na mkono wangu mwenyewe, USILE MANDAZI HAPA. Bei 11,000. Nikauliza kijana wa duka hii ilikuwa na shida gani, akaniambia bila wasiwasi, "ah, ilikuwa pawasaplai tu, ile ya kugawa stima ndani, tukaweka ya 1,200."

Nilisimama hapo kama mtu ameambiwa matokeo ya hospitali. Ndani ya ile boksi kulikuwa na prosesa yangu nzima, RAM yangu ya gigabaiti 8, na diski yenye CV za nusu ya vijana wa Manyatta. Yote niliipeana bure na soda juu.

Siku hiyo nikanunua bisibisi. Sasa wacha niwaambie nilichokuta ndani.

Tuktuk254:
Stika imeniua 😂😂 endelea mzee tuko hapa

Saiba_Kondele:
Boksi lenyewe ni kasha tu, bati. Ukifungua ubavu, ile sahani kubwa ya kijani au nyeusi iliyojaa mistari ndio madabodi. Kila kitu kimepandwa hapo ama kimeungwa hapo na waya. CPU yenyewe, yaani prosesa, huioni kwanza ju imefunikwa na feni na kipande cha chuma chenye mapezi mapezi cha kuondoa joto. Ukitoa hiyo feni ndio unaona kitu ya mraba, inatosha kwa kiganja cha mtoto, ndogo kuliko biskuti ya chai. Hiyo ndio CPU. Si boksi. Na nimeambiwa na mafundi watatu tofauti kwamba ni moja ya vitu ambavyo hufa mara chache sana, kuna mengi hufa kabla yake. Kwa hivyo mtu akikuambia CPU imeenda na hajashika bisibisi, muulize anamaanisha nini.

Vile vinashirikiana mimi nilielewa kupitia jirani yangu mshonaji pale Kibuye. Mwezi wa kwanza, unifomu za shule, unajua vile wanakuwanga. Cherehani na mikono yake ndio prosesa, hapo ndio kazi inafanyika. Meza iliyo mbele yake ndio RAM, kitambaa anachoshona saa hii kiko hapo juu. Stoo ya nyuma yenye magunia ya vitambaa ndio diski. Hawezi kushona kitambaa kikiwa kwa stoo, lazima kije mezani kwanza. Meza ikiwa ndogo, kila dakika anainuka kurudisha moja na kuchukua ingine, na cherehani inakaa tu imenyamaza. Hapo ndio unaona mashine imeganda, mausi inazunguka kaduara, na wewe unalaumu prosesa. Na pawasaplai? Hiyo ni mguu wake kwa pedali. Mguu ukisimama yote inasimama, hata cherehani iwe mpya.

MwalimuLurambi:
Nafundisha kompyuta sekondari huku Kakamega na hii maneno ya boksi kuitwa CPU hunitoa jasho kila muhula. Mtoto anaandika kwa mtihani "CPU ina uzito wa kilo saba." Nimefurahi kuna mtu amelia hadharani.

Lakini mfano wako wa mshonaji uko na kasoro moja. Mshonaji anajua anashona sketi. Prosesa haijui chochote, mzee wangu. Inachota agizo moja kutoka RAM, inalisoma linataka nini, inalitekeleza, inarudi kuchota lingine, na maagizo yenyewe ni madogo madogo ya kusikitisha, ongeza hii na hii, linganisha hii na ile, peleka hapa. Ukiona imeandikwa GHz 3.2, hayo ni mapigo bilioni 3.2 kwa sekunde moja. Akili yote iko kwa yule aliyeandika programu. Prosesa ni kasi tu.

Na hazikuanza hivyo. Prosesa ya kwanza ya kuuzwa ikiwa kipande kimoja, Intel 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300, yaani viswichi vidogo vya umeme, na ilitengenezewa kikokotoo cha kampuni ya Japani. Siku hizi tunahesabu kwa mabilioni, kwa eneo la ukucha.

Saiba_Kondele:
Mwalimu nimekubali, mshonaji nimemfukuza kazi. Ama abaki tu asijue anashona nini, kuna mmoja alinishonea suruali hivyo.

WaSection58:
Samahani naingilia. Niko Nakuru. Nilinunua laptopu yenye prosesa ya core i7, diski ya terabaiti 1, nikaambiwa hii ni jeshi, sasa nikiiwasha naenda nakunywa chai narudi bado inafikiria. RAM ni 4. Nilipigwa?

Saiba_Kondele:
Dada hujapigwa sana, umeuziwa jina. Kwanza hiyo terabaiti moja karibu ni lazima iwe diski ya kuzunguka, weka sikio hapo karibu na mahali unaweka kiganja ukiandika, kama kuna kitu inasaga polepole kama panya ndani ya gunia, ndiyo hiyo. Ndani kuna sahani zinazunguka mara 5,400 kwa dakika na kamkono kanaruka huku na huku kutafuta faili. Hako kamkono ndio kanakunywa chai na wewe.

Wacha nikupe hesabu moja, ilinishtua nikiifanya. RAM ikiulizwa kitu inajibu kwa nanosekunde mia hivi, kukadiria. Diski ya kuzunguka inachukua kama milisekunde 10. Ni mara laki moja. Sasa tuseme RAM inajibu kwa sekunde moja, diski yako itajibu kesho baada ya chakula cha mchana, kama saa 28. SSD haina kamkono wala sahani, ni chipu tupu, kwa hesabu hiyo hiyo inajibu baada ya robo saa na kidogo. Bado ni mbali na RAM lakini si kesho.

Na kwa kuwa RAM yako ni 4, Windows ikijaza hizo 4 inaanza kuhamisha vitu kwa diski kila saa, yaani meza ndogo NA stoo iko Naivasha. Weka SSD ya gigabaiti 240 au 256 na RAM ifike 8. Hutaamini ni hiyo hiyo laptopu.

WaSection58:
Na si i7 ni kubwa kuliko i5? Ndio maana niliongeza pesa

FundiBilaKelele:
Madam hapo ndio wengi wanaanguka. Angalia namba baada ya kistari. i7-4600U, hiyo 4 ya kwanza ni kizazi cha nne, na ina viini viwili tu, yaani sehemu za kufanya kazi ndani ya prosesa. i5-8250U ni kizazi cha nane, viini vinne. Hiyo i5 inaacha hiyo i7 kwa vumbi. i7 bila kujua kizazi ni kama kuambiwa gari ni "ya mkubwa" bila kuambiwa ni ya mwaka gani. Tena kuna hii ya Windows 11, kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kuendelea, na Windows 10 masasisho ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ndio sababu unaona kizazi cha sita na saba zimejaa madukani kwa bei ya kutupa. Si mbaya kwa kuandika na kuangalia video, lakini jua unanunua nini.

Halafu nijibu mwenye uzi. Mimi ni fundi, niko Kisumu hii hii, na naona tunachafuliwa jina. Huyo alikuibia, sawa. Lakini nyinyi wateja mko na yenu. Mtu analeta mashine, unakaa nayo masaa mawili unapima kila kitu, unamwambia ni kebo ya diski imelegea, lipa 500 ya kazi, anakuambia "si umesukuma tu kawaya?" Hataki kulipa kujua, anataka kulipa kipande. Sasa fundi mwenye watoto anafanya nini? Anajifunza kuuza kipande. Mimi sijasema ni haki, nasema vile iko.

Saiba_Kondele:
Fundi hiyo nimeikubali na inauma kidogo. Kweli yule nisingemlipa 500 ya kuangalia, ningesema hajafanya kitu.

Tuktuk254:
Fundi bila kelele amepiga kelele leo 😅

OmeraSiaya:
Mimi niliongeza RAM mwenyewe nione kama ni ngumu. Nikaagiza ya laptopu, gigabaiti 8, DDR4, ikakataa kuingia, nikasukuma, ikakataa, nikasukuma kama mtu anafunga sanduku la boding. Kumbe mashine ni DDR3.

FundiBilaKelele:
Omera! Ule mkato ulio katikati ya RAM umewekwa hapo kwa sababu yako. DDR3 na DDR4 mkato uko mahali tofauti ndio usichanganye, ju hata umeme zinataka tofauti, DDR3 ya kawaida ni volti 1.5 na DDR4 ni 1.2. RAM ikiwa ni yake inaingia imelala kidogo kama nyuzi 30, unaishusha chini, vishikio viwili vya pembeni vinalia "tak". Ukihitaji nguvu, toa, angalia tena. Na kabla ya yote toa chaja, na betri kama inatoka. Slotu imepona lakini?

OmeraSiaya:
Imepona. Kucha ndio haijapona.

Saiba_Kondele:
Wacha nirudi kwa kile nilitaka kusema tangu mwanzo, kabla uzi uwe wa kucha. Usikariri majina ya vipande. Jua MPANGILIO wa kuamka, ju mashine ikikataa inakataa mahali fulani, na mahali hapo ndio panakuambia ni nani mgonjwa.

Ukibonyeza kitufe, cha kwanza kuamka ni pawasaplai. Inachukua ile 240 ya ukutani na kutoa volti ndogo za moja kwa moja, 12 kwa waya za njano, 5 kwa nyekundu, 3.3 kwa za rangi ya chungwa. Ikiona umeme umetulia inaambia madabodi "twende". Hapo prosesa inaamka, na haijui chochote kama vile mwalimu amesema, kwa hivyo inasoma kachipu kamoja kwa madabodi kanaitwa bayosi, ndio kameandikwa hatua za kwanza. Bayosi inafanya rokoo: RAM uko? Grafiki uko? Kibodi? Diski? Wote wakiitika, inachukua mwanzo wa Windows kutoka diski, inaleta kwa RAM, prosesa inaanza kusoma kutoka hapo, na wewe unaona ile nembo.

Sasa ona mashine yangu namba nne. Kimya kabisa, hakuna feni. Rokoo haikufika hata kwa prosesa! Mguu wa pedali ndio ulikuwa umevunjika. Kama ningejua hivi siku hiyo ningeangalia soketi, kebo, halafu pawasaplai, ningemaliza na 1,200.

Feni ikizunguka na skrini ni nyeusi na inapiga milio, rokoo imekwama, na mara nyingi ni RAM. Ikionyesha nembo ya kampuni halafu ikasema haioni diski, basi prosesa, RAM, madabodi wako salama, angalia diski au kebo yake. Ikiwaka vizuri halafu ikazima baada ya dakika kumi, hiyo ni joto, fungua uone vumbi kwa mapezi ya feni. Mimi nilitoa namba mbili vumbi, na wale wadudu wa ziwa wamekauka humo ndani kama chumvi, na mende mmoja mwenye heshima zake.

FundiBilaKelele:
Wadudu wa ziwa nawatoa kila wiki, hasa wateja wa upande wa Dunga, wanafuata taa ya skrini usiku. Na ukitoa feni ya prosesa usirudishe bila kupaka ile dawa nyeupe ya joto, futa ya zamani ikauke, weka tone kama punje ya dengu, bas. Kuna mtu alipaka kama Blue Band.

Onyo moja. Kupima pawasaplai watu huunganisha waya ya kijani na nyeusi kwa ile plagi kubwa ndio iwake bila madabodi, hiyo inafanyika. Lakini KUFUNGUA pawasaplai yenyewe usijaribu hata ukiwa umechomoa, kuna kapasita ndani zinashika umeme mwingi na zinakaa nao. Hiyo badilisha nzima. Na radi ikianza, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi tu hakutoshi, na kebo ya intaneti pia chomoa, nimeona radi ikiingia kwa hiyo na kuacha pawasaplai nzima kabisa ikaua madabodi.

Nafula_Bgm:
Shikamooni. Nimesoma yote hadi hapa ju niko na shida hiyo hiyo. Niko Bungoma, desktopu ya duka la mama, feni inazunguka, skrini nyeusi, inapiga mlio mrefu inarudia rudia. Mama ameambiwa anunue madabodi 6,000. Nimeshafungua ubavu. Nifanye?

Saiba_Kondele:
Marahaba binti. Usinunue chochote bado. Chomoa ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwasha hivi hivi ukishachomoa, ndio umeme uliobaki utoke. Shika bati la boksi kwanza, utoe umeme wa nguo zako. Halafu RAM ni zile sahani nyembamba zimesimama kando ya feni, ni ngapi?

Nafula_Bgm:
Mbili. Moja iko na vumbi imeshikana

FundiBilaKelele:
Fungua vishikio, toa zote mbili. Chini kuna meno ya rangi ya dhahabu, yanakuwanga meusi hivi. Tafuta raba ya mwanafunzi, ile safi, sugua polepole pande zote, usishike meno na vidole. Pangusa unga wa raba. Safisha slotu na brashi laini, usipulize na mdomo, mdomo una mate. Rudisha MOJA tu, washa. Milio hutofautiana na kampuni lakini huo mrefu wa kurudia kwa wengi ni RAM.

Nafula_Bgm:
Sawa ngoja, raba ni ya mdogo wangu amekataa kuipeana

Tuktuk254:
Mlipe 500 ya kazi

Nafula_Bgm:
IMEWAKA!!! Aki nimepiga kelele mama ametoka dukani. Nimeweka ya pili pia imeshika, inasoma 4 sasa ilikuwa 2 siku zote kumbe moja ilikuwa imelala. Lakini imeleta ujumbe kwa bayosi, tarehe inasema Januari 2009, na nikiingia kwa intaneti kila tovuti inakataa inasema si salama

MwalimuLurambi:
Hongera binti. Hiyo ni betri. Angalia kwa madabodi kuna betri ya mviringo kama shilingi, CR2032, volti 3. Ndiyo hushikilia saa ukichomoa stima. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza, na kwa mashine yako mwaka 2009 havijazaliwa. Fundi wa saa yeyote anauza hiyo betri. Weka, rekebisha tarehe kwa bayosi, kila kitu kitafunguka.

WaSection58:
Nafula umenipa moyo, kesho nafungua yangu niweke SSD. Hiyo ya zamani nafanyia nini?

Saiba_Kondele:
Nunua kakasha ka nje ka diski, inakuwa kama fleshi kubwa ya kuweka picha na video. Usimpe mtu akutupie. Hilo nakuombea.

Nafula_Bgm:
Betri nimepata, tarehe iko sawa, mama ameshaingia kwa M-Pesa ya duka kwa kompyuta. Nimefunga boksi. Imebaki skrubu mbili mkononi, hizi ni za wapi?

FundiBilaKelele:
Za diski. Fungua tena.